Barua Isiyofungwa

Karatasi yenyewe ni moja, imechapwa mistari mbele na nyuma, na haina bahasha. Juu ina alama ya msalaba mwekundu. Upande wa mbele kuna nafasi ya jina la anayetuma na la anayetumiwa, kisha mistari michache ya habari. Upande wa nyuma umeachwa kwa ajili ya majibu, ili atakayeipokea asihangaike kutafuta karatasi nyingine. Katika kambi za wakimbizi za Kibondo na Kasulu, magharibi mwa Tanzania, kuanzia miaka ya 1990, karatasi hii ilikuwa posta ya wanawake walioishi upande huu wa mpaka huku mama zao, kaka zao, na mara nyingine watoto wao wa kuwazaa, wakiwa upande wa pili.

Anayeijaza mara nyingi si mwenye habari. Ni kijana wa kujitolea, amekaa kwenye benchi, karatasi ameilaza juu ya daftari gotini. Swali lake la kwanza linahusu wafu kuliko walio hai: "Mama, baba yako aliitwa nani?" Halafu mama yako je? Ulizaliwa kilima gani, tarafa gani? Akimaliza, anaanza upya maswali yaleyale kwa ajili ya yule anayetafutwa. Asiyejua atasema huo ni urasimu wa mashirika. Sivyo.

Warundi kwa desturi hawana jina la ukoo. Watoto watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana hata herufi, kwa kuwa kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi jina hilo husimulia jambo lililokuwa likiisumbua au kuifurahisha nyumba siku alipozaliwa. Mwanamke akiolewa, kwa mila, hachukui jina la mume. Basi ukienda Ruyigi au Makamba, huko Burundi, ukiwa na jina moja mkononi, ukauliza ndugu zake wako wapi, utazunguka mpaka jua lizame. Tena Warundi wa mashambani hawakuzoea vijiji vya nyumba zilizobanana. Kila nyumba imejitenga katikati ya migomba yake, na kilima ndicho anwani. Mpeleka ujumbe hupanda kilima hicho kwa miguu akiuliza: binti wa fulani na fulani, aliyeolewa kwa akina fulani, kuna anayemjua?

Kwa hiyo kabla mwanamke hajasema neno moja la salamu ilimbidi kutaja nasaba yake mbele ya mgeni, ikaandikwa. Wapo waliojua majina ya babu zao wote. Wapo waliokimbia wakiwa watoto, wakamjua mama kwa jina la "mama" tu. Hao ndio waliokuwa wagumu kuwapatia ndugu, na kila aliyewahi kukaa kwenye benchi lile na daftari lake anakijua kile kimya kinachofuata swali.

*

Nyanda za juu za Kigoma zilikuwa mahali pa kuondoka kabla hazijawa mahali pa kukimbilia. Reli ya Kati ilifika Kigoma mwaka 1914, na katika miongo iliyofuata vijana wa Kiha walishuka kutoka Kasulu na Kibondo kuifuata, wakaenda kukata mkonge Tanga na Morogoro. Waliitwa manamba, kwa zile namba walizopewa. Baada ya mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge walikuwa na ofisi yao ya kuandikisha vibarua, SILABU, na Buha, nchi ya Waha, ilikuwa moja ya maeneo yake makubwa ya kuvuna watu. Wanawake walibaki na jembe, na mihogo, na maharage. Habari ya mume ililetwa na mwenzake aliyemaliza mkataba na kurudi. Kama mwenzake hakurudi, hapakuwa na habari.

Nalitaja hili kwa sababu moja. Wanawake wa Kirundi walipoanza kufika kwa maelfu, waliwakuta wenyeji waliojua maana ya kungoja neno kutoka mbali. Waliwakuta pia wenyeji wanaosema lugha yao, au karibu sana nayo. Kiha na Kirundi husikilizana. Mtu wa Heru, upande wa Buha, na mtu wa Ruyigi wanaweza kuteta sokoni bila kumwita mkalimani, na hata Mto Malagarasi, unaopita mpakani, haukuwahi kuwatenga watu hao kwa kadiri ramani inavyodai. Undugu huo wa ulimi ulisafirisha salamu nyingi kuliko ofisi yoyote. Haukuwekwa kwenye takwimu za mtu.

Wimbi la kwanza kubwa lilikuja mwaka 1972. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule kulizuka uasi kusini mwa Burundi, na serikali ikajibu kwa mauaji ya Wahutu yaliyoendelea kwa miezi, wakisakwa zaidi waliosoma: walimu, makarani, wanafunzi. Makadirio mengi ya waliokufa yanaanzia 100,000 na kupanda. Warundi wanaziita siku hizo Ikiza, yaani balaa. Waliovuka kuingia Kigoma wengi walihamishiwa mbali na mpaka, wakapewa mashamba katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo. Wengine hawakuhamishika. Walijipenyeza katika vijiji vya Waha, wakalima, wakaoa na kuolewa.

Kwa wanawake wa mwaka 1972 mawasiliano na nyumbani yalikuwa kitu cha kuogopa. Katika nchi ambako mtu aliweza kufa kwa kujua kusoma, bahasha yenye stempu ya Tanzania ilitosha kumtia ndugu matatani. Basi wengi hawakuandika. Walioishi vijijini karibu na mpaka walitegemea minada na masoko: mfanyabiashara wa ng'ombe, mwanamke aliyekuja kuuza maharage, mtu wa kilima jirani aliyevuka kutafuta kibarua. Habari ilikuja ikiwa fupi na imepitia midomo mitano. Baba yako amefariki. Shamba amelichukua fulani. Dada yako kajifungua. Aliyeipokea hakuwa na njia ya kuuliza swali la pili.

*

Tarehe 21 Oktoba 1993, wanajeshi walimuua Melchior Ndadaye, rais wa kwanza wa Burundi kuchaguliwa katika uchaguzi wa vyama vingi, akiwa na miezi mitatu tu madarakani. Mauaji yakaenea nchini, na mamia ya maelfu ya watu wakakimbilia nchi za jirani. Kibondo ikapata Kanembwa, kisha Mtendeli, Nduta, Karago na Mkugwa. Kasulu ikapata Mtabila na Muyovosi. Novemba 1996, vita vilipoingia mashariki ya iliyokuwa Zaire, Wakongo kutoka Fizi na Uvira waliovuka Ziwa Tanganyika kwa maboti wakapelekwa Nyarugusu, ndani ya pori la Kasulu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 kambi za magharibi mwa Tanzania zilikuwa na Warundi zaidi ya 300,000, achilia mbali Wakongo.

Hapo ndipo ile karatasi isiyo na bahasha ilipoanza kazi. Asili yake ni ya mbali. Wakati wa vita kati ya Ufaransa na Prussia, mwaka 1870, Msalaba Mwekundu ulifungua ofisi mjini Basel ya kupeleka habari za majeruhi na mateka. Katika Vita vya Pili vya Dunia raia waliotenganishwa na mipaka ya kivita waliruhusiwa kuandikiana maneno yasiyozidi 25, nayo yakapitia Geneva kwa mamilioni. Sharti lililobaki mpaka leo ni lilelile: habari za familia tu, na barua isifungwe. Yeyote anaweza kuisoma njiani. Askari akitaka, asome. Afisa wa serikali akitaka, asome. Ndiyo maana pande zinazopigana huikubali ipite.

Fikiria basi maana yake kwa mwanamke wa Mtabila mwaka 1998. Anachotaka kumwandikia mama yake kimejaa moyoni: nani aliyeichoma nyumba, nani alionekana na panga, kaka yuko msituni na waasi au amekufa. Hakuna hata kimoja kinachoandikika. Anabaki na yale yanayoweza kusomwa na adui bila kumdhuru mtu. Tuko hai. Tumepata mtoto wa kike. Mzee alifariki njiani. Tuandikieni mtuambie kama mnalima. Hilo la mwisho linaonekana dogo, lakini ukiulizwa kama mnalima umeulizwa mambo matatu kwa mpigo: kama mngali kwenye kilima chenu, kama kuna amani ya kutoka nje asubuhi, na kama itongo, yaani shamba la urithi, bado liko mikononi mwa nyumba yetu.

Na aliyeandika si yeye. Wanawake wengi wa mashambani waliokimbia hawakupata shule. Mwandishi alikuwa kijana wa kambini, pengine mtoto wa jirani. Msomaji wa upande wa pili alikuwa mpeleka ujumbe au katekista. Kila salamu ilihitaji wageni wawili, mmoja kila mwisho wa njia. Sijui kama tumewahi kulitafakari hilo ipasavyo. Mwanamke kumwambia mama yake kwamba ndoa imevunjika, au kwamba mimba imeharibika, huku kijana wa umri wa mwanawe akiandika kwa kalamu ya bluu! Mengi hayakusemwa. Wanaosoma historia ya wakimbizi kwa kutegemea karatasi hizi wanapaswa kukumbuka kwamba zimeandikwa na watu waliojizuia mara mbili, kwanza kwa hofu ya askari, kisha kwa haya mbele ya karani.

Majibu yalichukua wiki, miezi, au hayakuja. Mengine yalirudi yaleyale yaliyotumwa, yakiwa na maelezo mafupi kwamba mhusika hakupatikana.

*

Redio iliwafikia wasioweza kuandika. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, BBC ilianzisha matangazo ya Kinyarwanda na Kirundi kwa ajili ya watu waliotawanyika Maziwa Makuu, na majina ya waliokuwa wakitafuta ndugu zao yakawa yanasomwa hewani. Matangazo hayo yaliitwa Gahuzamiryango, yaani kinachokutanisha familia. Msomaji wa Kiswahili lisikilize jina hilo vizuri. Umuryango kwa Kirundi ni familia, na ni mlango pia. Nasi huku pwani wazee waliposema "mlango wa fulani" walikuwa na maana ya tawi la ukoo wake. Shina ni moja, na mwanamke aliyekaa Nduta akisikiliza jina lake litajwe alikuwa kweli amekaa mlangoni.

Mwaka 1995 Wajesuiti wanaohudumia wakimbizi walianzisha Radio Kwizera kule Ngara, kaskazini ya Kibondo. Kwizera ni kutumaini. Ilitangaza kwa lugha za wakimbizi na kwa Kiswahili, na wenyeji nao wakaipenda ikawa yao. Kambini redio moja ilihudumia nyumba kadhaa, na betri zikiisha nguvu zilianikwa juani zipate uhai wa siku mbili tatu. Kasoro ya redio iko wazi: inaita, haisikii. Ukisikia jina la dada yako, unajua anakutafuta; ili umjibu unarudi kwenye benchi lile, baba yako aliitwa nani.

Halafu kuna njia ambayo haikuwa na alama yoyote juu yake, nayo ni miguu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, na amri zilizoizunguka, ziliwafunga wakimbizi ndani ya kilomita nne kutoka kambini. Kwenda mbali zaidi kulihitaji kibali, na aliyekamatwa bila kibali alishitakiwa. Hata hivyo watu walivuka. Walivuka kwenda kuangalia shamba, kumzika mzazi, kumpeleka mtoto kwa bibi, na kurudi kabla siku ya mgao haijafika. Wanawake walikuwa na faida ambayo wanaume hawakuwa nayo, kwani mwanaume kijana akitokea kilimani kutoka Tanzania, upande wa jeshi ungemdhania mwasi, na upande wa waasi ungemtaka ajiunge nao. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni na kikapu kichwani alionekana ametoka sokoni. Haikuwa kinga kamili, na wapo waliolipa vibaya sana kwa kudhani ni kinga.

Mwisho wa mwaka 1997 mlango wa walioishi vijijini karibu na mpaka ulifungwa kwa kishindo. Jeshi la Tanzania liliwakusanya wageni wote waliokuwa wakiishi nje ya kambi katika vijiji vya mpakani mwa Kigoma, likawapeleka kambini. Serikali ilisema ni kwa usalama, kwa kuwa Burundi ilikuwa ikiishutumu Tanzania kwa kuwahifadhi waasi. Shirika la Human Rights Watch liliandika ripoti kuhusu operesheni hiyo mwaka 1999. Waliochukuliwa walikuwemo watu wa mwaka 1972, waliokuwa na miaka 25 katika vijiji vile, wameoana na Waha, wana watoto wasiojua kwingine. Wake walitenganishwa na waume. Mwanamke Mrundi aliyekuwa ameolewa Kasulu akajikuta na familia mbili za kuzitafuta, moja ng'ambo ya Malagarasi na nyingine mwendo wa siku moja kwa miguu, nje ya zile kilomita nne. Huyu alihitaji barua ya kumfikia mumewe katika wilaya ileile aliyomo. Katika masimulizi yote ya kambi hizi, hilo kwangu ndilo gumu kulisamehe.

*

Mkataba wa amani wa Burundi ulitiwa saini Arusha tarehe 28 Agosti 2000, na kuanzia mwaka 2002 misafara ya kurudi ikaanza. Katika muongo uliofuata Warundi karibu nusu milioni walirejea kwao. Kabla ya kurudi, wawakilishi wa wakimbizi walipelekwa na mashirika kwenda kuona na kurudi kusimulia: wanaketi kwenye lori, wanafika kilima chao, wanatazama, wanarudi kambini kutoa habari. Walipotoa habari, maswali ya wanaume yalihusu usalama na vyama. Ya wanawake yalihusu ardhi, na kwa haki. Kwa mila ya Kirundi mtoto wa kike harithi itongo la baba. Hupata mahali kupitia mume au kwa hisani ya kaka. Mjane aliyerudi bila kuwa na mawasiliano na kaka zake kwa miaka kumi alirudi kwenye nchi, hakurudi nyumbani. Zile salamu za "mnalima?" zilikuwa zimelinda kitu halisi. Kaka anayekumbushwa kila baada ya miezi sita kwamba dada yake yu hai si rahisi kuuza kipande kile kana kwamba amekufa.

Wakati huohuo simu ilikuwa inapanda milima. Vodacom ilianza Tanzania mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na katika miaka iliyofuata minara ikaonekana Kasulu na Kibondo. Mwaka 2008 M-Pesa ikaingia, na simu ikawa pochi. Kambini palizuka kazi mpya: kibanda chenye paneli ya sola juu na msitu wa nyaya ndani, simu ishirini zimelala mezani kila moja na kikaratasi chenye jina. Walionunua simu mwanzoni walikuwa wanaume. Mwanamke aliazima, au alipiga kwa jirani mwenye simu akalipia dakika. Vocha ilitoka wapi? Ilitoka kwenye mgao. Vikombe viwili vya maharage, kopo la mafuta ya kula, vinauzwa kwa Waha sokoni, vinageuka sauti ya mama kwa dakika tatu. Maafisa wa chakula walilalamika kwamba wakimbizi wanauza mgao. Walikuwa sahihi, na sidhani kama kuna chakula kilichotumika vizuri zaidi.

Zikaja pia lugha za kubana matumizi. Kubipu mara moja ni salamu. Mara mbili ni nipigie. Mara tatu usiku wa manane, mtu anaamka na kukaa kitandani kabla hajajua ni nini.

Mtabila ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012. Hadhi ya ukimbizi ilikuwa imeondolewa tangu tarehe 1 Agosti mwaka ule, na kati ya Oktoba na Desemba watu wasiopungua 30,000 walipakiwa kwenye magari na kuvushwa mpaka. Ikaonekana kitabu kimefungwa.

*

Aprili 2015 Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitangazwa kugombea muhula wa tatu, watu wakaingia barabarani Bujumbura, na Warundi wakaanza kukimbia tena. Safari hii makumi ya maelfu walishukia Kagunga, kijiji kidogo cha wavuvi kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika, bila barabara. Kipindupindu kikazuka. Kiasi cha watu 30 walikufa. Meli ya Liemba, iliyojengwa Ujerumani mwaka 1913, ikawa inawachukua watu mia kadhaa kwa safari hadi mji wa Kigoma, na mabasi yakawapeleka Nyarugusu. Katika msongamano ule wa kupanda mitumbwi kuifuata meli, watoto walipanda chombo kimoja na mama chombo kingine. Karatasi ya Msalaba Mwekundu ikatolewa tena kabatini, na pamoja nayo simu ya bure ya dakika chache, mezani, na mtu wa kujitolea pembeni. Oktoba Nduta ikafunguliwa upya, na Januari 2016 Mtendeli. Baadhi ya wanawake walioshuka pale walikuwa wamezaliwa palepale na kurejeshwa Burundi wakiwa wasichana.

Lakini hawakuwa tena watu wa kungoja redio. Redio zenyewe zilikuwa zimenyamazishwa: katikati ya Mei 2015, jaribio la mapinduzi liliposhindwa, vituo vikubwa vya binafsi vya Bujumbura vilichomwa na kuvunjwa. Waandishi waliokimbia wakaanza kutengeneza habari ughaibuni na kuzituma kama faili za sauti za WhatsApp, mtu akimpa mtu. Serikali ya Burundi nayo ilikuwa imefunga WhatsApp na mitandao mingine kwenye simu tangu mwisho wa Aprili. Watu wakatafuta njia ya kuzunguka.

Na hapa niseme jambo ambalo wanaoisifu teknolojia huwa hawalioni. WhatsApp kwa mwanamke asiyejua kusoma thamani yake ni ile alama ndogo ya kipaza sauti pembeni ya skrini. Anabonyeza, anasema kwa Kirundi chake cha Kinyinya au Gisuru, anaachia. Mama yake anasikiliza mara kumi akitaka, anacheka, analia, anajibu. Yule karani wa benchi hayupo. Katekista hayupo. Kwa mara ya kwanza tangu mwaka 1972, binti na mama waliweza kusemezana mambo ya wanawake kuvuka Malagarasi bila mtu wa tatu. Kama angeniuliza mtu ni lini barua ilifungwa, ningemwambia ni hapo.

Ingawa haikufungwa kabisa. Simu moja hutumiwa na watu wanne, laini mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, na sauti iliyorekodiwa inaweza kusambazwa kwa asiyetakiwa. Wenye ndugu katika vilima vyenye vijana wa chama tawala bado huchunga maneno. "Hali ya hewa ikoje huko?" ukilisikia kambini, usikimbilie kudhani wanazungumzia mvua.

Nyarugusu kuna mageuzi mengine. Kuanzia mwaka 2015 Marekani ilianza kuwapokea Wakongo wa kambi hiyo kwa wingi. Mpango ulikuwa wa watu 30,000 na zaidi kwa miaka kadhaa. Mabinti waliozaliwa Kasulu wakaenda kufanya kazi kwenye viwanda vya nyama na hoteli, katika miji ambayo mama zao hawawezi kuitamka. Ukimwuliza binti kama huyo kwao ni wapi, anaweza kutaja Fizi, kwa heshima ya wazee. Lakini anapopiga simu nyumbani, simu inaita Nyarugusu, kwenye zoni na kijiji na nyumba ya matofali mabichi alimomwacha mama akingoja zamu yake ya usaili. Fedha zinatumwa huko, na mahari ya kaka, na picha za watoto waliovaa makoti. Januari 2017 Marekani ilisitisha mapokezi ya wakimbizi kwa miezi kadhaa, na Januari 2025 ikasitisha tena. Familia zilizogawanyika katikati ya safari zilibaki zilivyogawanyika. Pori la Kasulu, lililokuwa mahali pa kuandikia nyumbani, limekuwa nyumbani kunakoandikiwa.

Warundi, kwa upande wao, wanarudi. Misafara ilianza upya Septemba 2017, na kufikia mwisho wa mwaka 2021 zaidi ya watu 100,000 walikuwa wamevuka kwenda kwao kutoka Tanzania. Mtendeli ilifungwa kwa mara ya pili mwaka huo, na waliosalia wakahamishiwa Nduta. Wanaoondoka leo huwa wameshaongea na kilima kabla ya kujiandikisha. Wanajua nani analima wapi, na bei ya mabati Ruyigi, na nani wa kumwepuka. Wanaokataa kuondoka huwa nao wameshaongea.

Ile fomu bado ipo, na bado haifungwi. Inatumika kwa wale ambao simu haiwezi kuwafikia: walio magerezani, walio vilimani bila mtandao, na wale waliopotezana zamani, wasiojua namba ya mtu yeyote. Swali la kwanza halijabadilika. Ila anwani nyingi zilizoandikwa juu yake miaka ile hazipo tena. Ukienda Mtabila leo kumtafuta mtu, utafika langoni mwa kikosi cha Jeshi la Kujenga Taifa, 825 KJ.